Great Blasket: kijiji kilichohamwa, na maswali yenu

Makala yangu iliyopita ilihusu kijiji cha Great Blasket, kwenye kisiwa kilicho karibu na pwani ya Kerry, magharibi mwa Ayalandi. Hakina wakazi tangu miaka ya 1950. Maswali yamekuja mengi, nami nimeyachukua yale yanayohusu watu wenyewe.

Kwani kiliwahi kuwa na watu wangapi? (Msomaji, Tanga)

Hakikuwahi kufikisha mia mbili. Sensa ya 1841 ilihesabu watu 153. Kisha viazi vikaoza mashambani nchi nzima, njaa ikaingia, na 1851 wakahesabiwa 97. Zaidi ya theluthi walikuwa wametoweka katika miaka kumi. Baadaye kijiji kilijaa tena, kikafikia watu 176 mwaka 1916. Mwaka 1938 walikuwa 106, 1947 wakawa 50, na 1953, mwaka wa kuhamishwa, 22.

Ila nakuomba usiishie kwenye jumla. Uliza pia hao 50 walikuwa akina nani. Shule ilikuwa imefungwa tangu 1941 kwa kukosa wanafunzi. Mtoto aliyezaliwa 1947 alikua bila mwenzake hata mmoja wa kucheza naye, hadi magazeti yakamwita mtoto mpweke kuliko wote duniani. Kwangu mimi kijiji kilianza kufa pale harusi zilipokoma, miaka mingi kabla ya boti ya kuhamisha watu kuja.

Nimesoma kwamba sensa za zamani za Ayalandi ziliungua. Hizo namba za 1841 umezitoa wapi?

Umesoma sawa. Fomu za kaya za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Dublin mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Kilichosalimika ni vitabu vya majumlisho vilivyokuwa vimeshachapwa, kwa hiyo tunajua idadi, majina hatuna.

Za 1901 na 1911 zipo, na unaweza kuzisoma bure mtandaoni. Fungua ya 1911 uangalie sehemu ya wanawake walioolewa: waliulizwa wamezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Soma tarakimu hizo mbili zilizokaa bega kwa bega, nyumba baada ya nyumba. Mimi huwa nashindwa kupita haraka.

Vijana walikwenda wapi?

Marekani, na wengi walijikusanya mji mmoja, Springfield, Massachusetts. Dada mkubwa alitangulia, akafanya kazi, akatuma nauli ya mdogo wake. Naye akamvuta anayefuata. Katika vijiji vya Ayalandi, usiku wa kuamkia safari watu walikesha nyumbani kwa msafiri kama wanavyokesha kwenye msiba. Walicheza, wakaimba, na alfajiri mama akalia, kwa kuwa wengi hawakuonana tena. Yalikuwa matanga ya mtu aliye hai.

Je, serikali iliwaonea kwa kuwahamisha? (Mwalimu mstaafu, Mombasa)

Hapana, mwalimu. Wao ndio walioomba.

Mkondo kati ya kisiwa na Dún Chaoin, bara, ni kama kilomita mbili tu, lakini una mawimbi mabaya. Chombo chao kilikuwa naomhóg: mbao nyembamba zilizovikwa turubai na kupakwa lami, chepesi kiasi kwamba wanaume wachache hukigeuza na kukibeba vichwani hadi juu. Chombo hicho kinataka wapiga makasia wenye nguvu, na wenye nguvu walikuwa Springfield. Kisiwani hapakuwa na daktari, padri wala duka.

Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947, kijana mmoja alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Bahari ilichafuka, hakuna aliyeweza kuvuka kumletea daktari, akafa. Aprili 1947 wanakijiji walimpelekea simu ya maandishi waziri mkuu, Éamon de Valera: dhoruba imewafungia, hawana chakula. Alikwenda mwenyewe kuwaona kiangazi hicho. Hata hivyo ilipita miaka sita hadi tarehe 17 Novemba 1953, siku ya kuhama. Kama kuna la kuilaumu serikali, ni miaka hiyo sita.

Kijiji kidogo hivyo kilijulikanaje?

Kwa lugha. Walizungumza Kiayalandi kilichokolea, na wasomi wakavuka kwenda kujifunza. Wageni hao ndio waliowahimiza wenyeji waandike. Mvuvi Tomás Ó Criomhthain akachapisha maisha yake mwaka 1929. Peig Sayers, bingwa wa hadithi, alisimulia na mwanawe akaandika.

Leo kuna mtu?

Mkazi wa kudumu hakuna. Kiangazi watalii huvuka kwa boti na kurudi. Nyumba nyingi zimebaki kuta bila paa, na chini yake, kwenye mchanga mweupe ambako vijana walikuwa wakicheza mpira, sili hulala kwa mamia.