Ile -2,50 ku karatasi ya lineti

Yaya, ile -2,50 ya ku karatasi yako ya lineti (miwani) unauliza, si asilimia ya macho ilishakufa, hapana! Njo dioptri, ni nguvu ya kiyoo ya kukunja mwangaza. Unachukua 1 unagawanya na urefu wa fokali (toka ku kiyoo mpaka pale miale inakutana) kwa meta, kiyoo ya +2 inakusanya miale ya jua pa santimeta 50, ya +4 pa 25, kumbe namba ikipanda na nguvu inapanda. Ile alama ya kutoa ni kusema kiyoo inatawanya mwangaza, njo ya wale ba mbali ni ukungu, na weye kwa -2,50 bila lineti unaona bien mpaka santimeta 40 hivi. Za + wazee wetu wanasomea. Tafazali usichukue zile za + wanazungusha ku barabara hapa Goma ju ya kuona ubao, zitakuzidishia ukungu.