Taa ya Baiskeli Ishuke Barabarani, Isipande Machoni mwa Mtu

Wanaotaka kuanza kurudi nyumbani kwa baiskeli usiku huniuliza kwanza jambo moja: ninunue taa ya lumeni ngapi, yaani yenye mwanga kiasi gani? Wasiwasi wao naujua. Hapa Mwanza jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza letu halina subira. Nusu saa baadaye huoni hata shimo lililo mbele ya gurudumu. Mtu anayefunga duka mjini saa mbili usiku na makazi yake ni Buhongwa, safari yote ya Barabara ya Kenyatta ataimaliza gizani: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, huku akibanana na daladala, malori ya kwenda Shinyanga, bodaboda na watembea kwa miguu. Ana haki ya kutaka taa nzuri. Ila jibu langu huwa ni lile lile: nguvu ya kiasi inatosha, kazi kubwa ni kuielekeza chini.

Njia hiyo nimeipita usiku kwa miaka mingi, na kinachonitisha kuliko shimo lolote ni mtu anayenijia akiwa haoni. Piga hesabu mwenyewe. Baiskeli yenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa hukata mita tano na nusu kila sekunde. Ukimmulika mwenzako machoni, akakosa kuona kwa sekunde tatu tu, atakuwa amesogea zaidi ya mita 16 kwa kubahatisha, tena anasogea kuelekea ulipo wewe. Akiwa na pikipiki ni mbali zaidi. Hapo heshima yako kwake na usalama wako mwenyewe ni kitu kimoja, na ndiyo maana suala hili siliachii kuwa la hiari.

Jicho halirudi haraka kama tunavyodhani. Mboni hupanuka mapema, lakini chembe za ndani ya jicho zinazofanya kazi gizani huhitaji dakika 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi, ili zizoee giza vizuri. Mwanga mkali wa sekunde chache unaweza kuiharibu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa wazee hali ni nzito zaidi, kwa sababu mboni zao hazipanuki kama za kijana, na mwenye mtoto wa jicho huona mwanga umetapakaa kila upande kama ukungu mweupe. Mtaani kwetu kuna mzee anayerudi kwa miguu kutoka ibada ya jioni. Kila taa kali ikija, husimama na kugeukia ua wa watu mpaka ipite. Nilimsalimia siku moja nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana mwanangu, nasubiri macho yangu yarudi. Nikitembea sasa hivi nitaingia mtaroni." Kwa mwendo wa robo saa, mzee yule anasimama mara nyingi hivyo, na wanaomsimamisha hawajui hata kama wamemsimamisha.

Sasa turudi kwenye lumeni. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende chini, juu au pembeni. Kinachokusaidia kuona njia ni ule unaotua barabarani, nao hupimwa kwa luksi, yaani lumeni zinazoangukia eneo la mita moja ya mraba. Tochi ya mviringo inaweza kuwa na lumeni nyingi sana, lakini ukiielekeza mbele moja kwa moja, karibu nusu ya mwanga wake inapanda kwenye miti na nyuso za watu. Umelipia mwanga usiokufaa. Na ujue ukubwa wa kitu unachokifunga kwenye usukani: balbu ya kawaida ya gari, ile ya H4 inayotumika kwenye magari mengi yanayopita hapa, hutoa lumeni zipatazo 1,000 kwenye taa ndogo na 1,650 kwenye fulu. Baiskeli yenye tochi ya kweli ya lumeni 2,000 inatembea na mwanga unaozidi balbu ya gari iliyo kwenye fulu, na haina kile kioo kinachoukata mwanga kwa juu. (Tochi nyingi za bei ndogo hazifikii namba iliyoandikwa kwenye boksi, na kwa hili tushukuru.) Kwangu lumeni 200 hadi 400 zinatosha kipande chenye giza, na mjini palipo na taa za barabarani natumia robo ya hizo.

Kwa nini mjini nipunguze? Waulize wavuvi wa dagaa. Usiku wa mbalamwezi wengi wao hupumzika, kwa sababu taa haina nguvu ya kuvuta dagaa mbele ya mwezi. Usiku wa giza taa ile ile hukusanya dagaa hadi mtumbwi ukajaa. Ukali wa taa unategemea giza linaloizunguka. Chini ya nguzo za taa hakuna atakayelalamika juu ya mwanga wako, lakini ukivuka nguzo ya mwisho, au umeme ukikatika eneo zima, mwanga ule ule unakuwa mzigo kwa kila unayekutana naye. Hivyo huko gizani ndiko unakotaka kuongeza, na ndiko lazima uwe umeishusha taa vizuri zaidi.

Kushusha nako kuna kipimo, si kukisia. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, kukiwa na giza. Pima urefu wa taa kutoka chini. Kiini cha mwanga kwenye ukuta kiwe nusu ya urefu huo: taa ikiwa juu sentimita 80, kiini kiwe sentimita 40. Kwa mlalo huo kiini kinagusa barabara mita 10 mbele yako. Ujerumani walikuwa nacho kipimo hiki ndani ya sheria yao kwa muda mrefu, na mpaka leo taa ya baiskeli huko haikubaliki barabarani bila alama ya kibali, mstari wa mawimbi ukifuatwa na herufi K na namba. Taa hizo hutengenezwa zikatwe mwanga kwa juu kama taa ndogo ya gari, na kiwango chao cha chini ni luksi 10 umbali wa mita 10. Linganisha na mwezi mpevu, ambao hautupi hata nusu ya luksi. Luksi 10 barabarani ni mwanga mwingi sana ukitua panapotakiwa.

Anayekwenda kasi anaweza kuinua kidogo kiini kifike mita 15. Anayeendesha Phoenix yenye breki za fito, hasa mvua ikinyesha, apunguze mwendo badala ya kuinua taa. Na kama unabeba mzigo, fanya kipimo ukiwa umepakia. Gunia la mkaa au abiria kwenye keria huibonyeza tairi ya nyuma, mbele ya baiskeli inainuka, na taa iliyokuwa imetulia inaanza kutazama watu usoni.

Mahali pa kuifunga ndipo ninapopenda kukaa zaidi, kwa sababu wengi hawajapewa sababu yake. Funga taa chini kadiri baiskeli yako inavyoruhusu: kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, au kwenye chuma kilicho juu ya madigadi ya mbele, kuliko juu ya usukani. Mwanga unaotoka chini hulala juu ya barabara, na kila shimo, jiwe au ukingo wa lami uliomeguka hutoa kivuli kirefu. Kivuli hicho ndicho unachokiona kwanza. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, kivuli hujificha nyuma ya kitu chenyewe, na shimo linaonekana kama kiraka tambarare mpaka gurudumu liingie. Kwa hiyo taa ya chini yenye nguvu ndogo huonyesha barabara vizuri kuliko taa kali iliyofungwa juu. Tena karibu na ziwa kuna faida nyingine: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi hufuata taa. Ikiwa chini, wanakusanyika magotini. Ikiwa juu, utawameza.

Ndiyo maana siipendi kabisa tochi ya kichwani kwa mwendesha baiskeli. Inakuondolea vivuli vyote, maana imekaa juu ya macho. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwa wengine. Sisi huku tunasalimiana njiani. Unapita genge la mama muuza dagaa, unamgeukia kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", na papo hapo umemwangushia mwanga wote usoni. Yeye anakunja uso na kuweka kiganja machoni, hajui ni nani amemsalimia, ni mtoto wa jirani au ni mtu wa kuogopwa. Shikamoo ya namna hiyo ina heshima gani? Mtu mzima ana haki ya kumwona anayemwamkia. Kama huna taa nyingine, ivue kichwani uifunge kwenye uma kwa mpira wa tyubu, uzungushe mara tatu au nne, ukaze. Mpira hushika vizuri kuliko vishikio vingi vya plastiki vinavyouzwa na tochi zenyewe, ambavyo hulegea kwenye barabara ya vumbi na kuacha taa ikipanda juu taratibu bila wewe kujua.

Tochi ya mviringo pia inasaidika. Kata kipande cha dumu la plastiki au cha tyubu nene, kifunge juu ya tochi kwa tepu ya umeme, kitokeze mbele sentimita tano hivi kama ukingo wa kofia. Mwanga mwingi uliokuwa unapanda utazuiwa. Kazi hii fundi yeyote wa baiskeli anaiweza, na ukiwa na kisu unaifanya mwenyewe.

Mvua ikiwa imenyesha, shusha zaidi. Lami kavu hurudisha sehemu ya mwanga kwako, ila lami yenye maji huutelezesha mbele na kuupeleka kwa anayekuja. Wewe unaona barabara imekuwa nyeusi, unashawishika kuongeza nguvu, na kila unachoongeza kinamfikia yeye. Kwenye vumbi au ukungu ni vivyo hivyo kwa upande wako: mwanga mwingi hugonga chembe za hewani na kukurudia machoni.

Sehemu ya kuwakawaka, ile inayometameta haraka, iache kwa mchana. Usiku inamfanya mwenzako ashindwe kukadiria uko umbali gani, na wewe mwenyewe unaiona njia vipande vipande.

Na ukikutana na mwenye taa kali? Usimjibu kwa kuinua ya kwako. Wawili wasioona ni wabaya kuliko mmoja. Punguza mwendo, acha kuutazama mwanga, tazama ukingo wa kushoto wa barabara na uufuate mpaka apite. Ukifumba jicho lako moja kabla hajafika, hilo litabaki limezoea giza na litakusaidia akishapita. Kwenye njia nyembamba ya mtaani mimi hufunika taa yangu nusu kwa kiganja ninapokaribiana na mtu wa miguu, na nikisimama kuzungumza na mtu nageuza usukani pembeni au nazima kabisa. Inachukua muda mfupi kuliko salamu.

Nyuma sina mengi: taa nyekundu, isiyo kali, na kiakisi mwanga kikiwa safi, kisifunikwe na mzigo. Tochi nyeupe isiangalie nyuma hata siku moja, kwa sababu dereva anayekufuata atadhani unamjia. Wanaotoka upande wa Usagara na magunia ya mkaa alfajiri, tafadhali, fungeni kiakisi kwenye gunia lenyewe. Kile cha kwenye madigadi hakionekani.

Kuhusu bodaboda na zile taa za spoti wanazoongeza, nimejifunza kwamba kupiga kelele barabarani usiku hakuzai kitu. Kila mtu anapita, na aliyetukanwa anaona ameonewa. Mchana nenda kijiweni kwao. Mimi hubeba spana namba 10 kwenye mkoba. Nikifika nasalimia, nanunua maji, nasema, "Kaka, taa yako ya pembeni inanipata machoni pale Nyegezi, tuishushe kidogo?" Wapo wanaokataa. Wengi hawajawahi kuitazama taa yao wakiwa mbele ya pikipiki, hivyo naomba mmoja aiwashe na mwenzake asimame mita kumi mbele yake. Akishafunika macho, kwa kawaida anaiomba spana mwenyewe.