Majani ya ng'ombe, majani ya mkungu

Misimu mitatu mfululizo mchare wangu (ndizi za kupika) wa Kirua Vunjo, Kilimanjaro, ukanda wa chini, ulitoa vidole vyembamba, na mikungu mingine ikaivia mgombani kabla ya kujaa. Nikalaumu jua, nikalaumu mbolea. Wanunuzi wa soko la Mbuyuni hawakulaumu kitu, walishusha bei tu.

Kumbe ni Sigatoka nyeusi. Ni ugonjwa wa fangasi, na jina limetokana na bonde moja huko Fiji, ambako hii nyeusi ilitambuliwa mwaka 1963. Geuza jani utazame upande wa chini: utaona vimichirizi vyembamba vya rangi ya kutu. Baadaye vinakuwa madoa meusi yenye kijivu katikati, kisha jani zima linaungua. Upepo na matone ya mvua ndivyo vinavyousambaza, ndiyo maana masika hunitesa.

Sasa hapa ndipo tulipokosea. Mgomba ukishachomoza mkungu hautoi jani jipya. Yaliyopo ndiyo yatakayojaza ndizi, na yanatakiwa angalau manane mazima. Nilihesabu yangu nikapata manne. Mengine alikula ng'ombe! Tulikuwa tunamkatia mabichi, yale yenye madoa tunayaacha yananing'inia, yanawadondoshea wenzake ugonjwa.

Siku hizi nakata yenye madoa kwanza. Jani likiugua nusu, naondoa nusu hiyo tu. Nayalaza chini kifudifudi, yamelundikana. Ng'ombe anapewa matete na migomba iliyokwisha kuvunwa. Mama mkwe alinuna: "Mwanangu, mgomba unauvua nguo." Kilichoniuma mimi zaidi ni kupunguza machipukizi hadi kila shina likabaki na mama, mtoto na mjukuu. Lakini upepo ukapita, majani yakawahi kukauka maji ya mvua, na msimu wa pili vidole vikanenepa.

Dawa ya kupulizia nilijaribu mara moja. Migomba ilikuwa mirefu, dawa nyingi ilinirudia mimi.

Ila ukiona majani ya chini yamekuwa ya njano na kulala, pasua shina. Likiwa na kahawia ndani au likitoa usaha wa njano, hayo ni magonjwa ya mnyauko, si Sigatoka. Usimwazime mtu panga lako lisije likaeneza ugonjwa, mwite bwana shamba.

Pembeni nimepanda FHIA 17, aina nyingine ya ndizi, kidogo. Inauvumilia ugonjwa vizuri, ila mama mkwe ameikataa kwenye mtori.