Chembe nyeupe zilikuwa sawa, mbona kidole tumbo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 14 aliamka saa kumi na moja alfajiri akilia tumbo, kitovuni. Saa mbili asubuhi tulikuwa kituo cha afya. Damu ikapimwa, chembe nyeupe 8,900, tukaambiwa ziko sawa. Kwenye mkojo zikaonekana chembe za usaha kidogo, akapewa dawa za UTI. Kesho yake amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Je, kipimo kilidanganya?
Mama wa watoto watatu, Makambako

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Kipimo hakikudanganya. Kilichukuliwa mapema mno, kisha kikaachiwa kesi yote.

Hakuna kipimo cha damu kinachotaja kidole tumbo kwa jina. Chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 hivi, hupanda mwili unapopambana, uwe ni nimonia au jipu. Saa tatu za kwanza zinaweza zisipande kabisa. CRP, protini inayotengenezwa na ini, huchelewa zaidi: mara nyingi hutaka saa 12 au zaidi ndipo isomeke vizuri. Zote mbili zikiwa chini baada ya siku nzima ya maumivu, hapo napumua kidogo. Asubuhi ile ilitakiwa mtoto abaki, apimwe tena jioni.

Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alipanga alama 10 za kupima uwezekano wa ugonjwa huu. Damu ina 3 tu. 7 ziko kwa mgonjwa mwenyewe: maumivu yaliyohamia chini kulia, kukataa chakula, kutapika, homa, tumbo linavyouma likibonyezwa na likiachiwa. Mimi huku Iringa mtoto namwambia akohoe, kisha arukeruke kwa mguu wa kulia. Akigoma na kushika nyonga, majibu ya maabara nayasoma kwa jicho jingine.

Ule usaha wa mkojo nao unapoteza wengi. Kidole tumbo kilichovimba kikigusa mrija wa mkojo, chembe hizo hutokea bila UTI yoyote.

Wadogo zake wakiumwa hivyo, andika saa maumivu yalipoanza, mwonyeshe mpimaji. Usiwape dawa ya kuwafanya waharishe. Na maumivu yakikatika ghafla huku mtoto akizidi kuchoka na kuchemka, kodi gari usiku huohuo, maana huenda kimeshapasuka.