Kabla ya kuingia thieta, mtafute mtu wa usingizi

Tukiandikiwa upasuaji, tunamchunguza sana daktari atakayetupasua. Ana mkono mwepesi? Anayetupa dawa ya usingizi au ganzi, hata jina hatumuulizi. Nilipotolewa uvimbe kwenye kizazi, huyo ndiye niliyezungumza naye zaidi. Wewe pia, asipokuja wodini kabla ya siku yenyewe, omba aitwe. Hospitali nyingi za wilaya Tanzania huenda asiwe daktari bali muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi. Maswali ni yaleyale.

Atakuuliza pumu, presha, mzio, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na dawa za usingizi. Mwambie yote: sigara, pombe, hata mitishamba ya shangazi. Hakuhukumu, anachagua dawa na kipimo chake. Akikukataza kula kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, uji na chai ya maziwa vimo humo. Ukiwa usingizini chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Na futa rangi ya kucha, kile kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni.

Mimi nilichomwa sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi sehemu ya chini ya mwili ukiwa macho. Mtaani wanasema ukichomwa hiyo, mgongo utakuuma maisha. Nilimuuliza bila kuzunguka. Akanieleza kwamba huchomwa chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu unapoishia, na kwamba baadhi ya watu huumwa kichwa siku chache, hasa wakikaa au kusimama. Kikikupata hicho sema, kina tiba.

Thietani alikaa kichwani pangu mwanzo hadi mwisho, macho kwenye mashine. Nilipomwambia nahisi kichefuchefu, kumbe presha imeshuka. Akanipa dawa kupitia dripu, kikapoa.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, huanza ganzi inapoisha. Usingoje maumivu yapande ndipo uite. Mwenye maumivu makali hapumui vizuri, hakohoi, hataki kuamka kitandani, na hapo ndipo nimonia na damu kuganda miguuni hupata nafasi. Wengine hukataa mofini, dawa kali ya maumivu, wakiogopa kuwa mateja. Dozi za siku chache, chini ya uangalizi wa wodini, si jambo la kukutia hofu. Mama mkwe aliniambia nijikaze. Nilimwitikia kwa adabu, kisha nikamwita nesi. Dawa uliyoandikiwa isipokutosha, omba mtu wa usingizi arudi akuone. Kutuliza maumivu ni kazi yake pia.