Miti ya bustani ya kuchonga maumbo kwa mkasi huku Nyanda za Juu: niliyojifunza kwa kuharibu

Mti wa kwanza kunitia hasara ulikuwa msaiprasi mmoja kati ya miwili iliyosimama kushoto na kulia kwa geti la nyumba moja pale Forest ya Zamani, Mbeya. Mama mwenye nyumba alikuwa na sendoff ya binti yake Jumamosi, akataka miti iwe myembamba na ya kupendeza kama ya hotelini. Nikapanda ngazi na mkasi mkubwa, nikakata kwenda ndani mpaka nikaanza kuona vijiti vya kahawia. Jumamosi ikapita, watu wakapiga picha. Miezi mitatu baadaye upande mmoja ulikuwa bado upara, na mwaka ulipoisha, hali ni ileile. "Fundi, mbona huu mti wako hauoti nywele?" aliniuliza, na wala hakuwa anatania. Nikanunua miche miwili mipya kwa pesa yangu.

Msaiprasi hauchipui kwenye tawi la zamani lisilo na majani mabichi. Hilo tu ndilo sikulijua. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kushika mkasi ingiza mkono katikati ya majani uyafunue, uone rangi ya kijani inaishia wapi. Mara nyingi ni kina cha shibiri moja hivi, na hapo ndipo unaporuhusiwa kucheza. Ukiupita mpaka huo umeacha kovu la kudumu. Duranta, ule mmea wa nyua, itakusamehe hata ukiikata karibu na kisiki, na holi, ule mti wa vitunda vyekundu wa kwenye kadi za Krismasi, nayo husamehe ingawa inachukua muda wake.

Aliyenifundisha kukata vizuri hakuwahi kuchonga mti wa bustani maishani mwake. Ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara, akanionyesha shamba lililolala kama meza iliyotandikwa kitambaa. "Mwanangu, ule ni mti," akasema. "Ukiuacha unapita bati la nyumba yako. Sisi tunaukataza." Mchai ni mti usiopukutisha majani. Kila ncha inapochumwa, macho, yaani vichipukizi vilivyokuwa vimelala chini yake, yanaamka, panapokuwa na ncha moja zinakuja mbili au tatu, na ndiyo maana meza ile inaziba. Kazi yetu haina siri kubwa kuliko hiyo. Ukitaka mpira wa majani uliofunga usioonyesha mashimo, kata ncha kidogo kidogo tangu mche ukiwa mdogo, usisubiri urefuke kwanza ndipo uuchonge. Vijana wengi ninaowapokea kitaluni wanataka urefu haraka, halafu wanashangaa mti ni ufagio.

Mzee yule aliona pia kosa langu jingine nilipomwonyesha picha za ua nililokata, lililokuwa pana juu na jembamba chini. "Wewe unatazama umbo, mimi natazama kivuli," akaniambia. Juu pakiwa pana, chini pananyimwa jua, majani yanadondoka na unabaki na miguu mitupu. Tangu siku ile kila ua na kila pia (mti wa umbo la koni, kilele juu) ninayochonga inaanza pana chini na kubanwa kadiri inavyopanda, hata kama mteja haoni tofauti.

Sasa holi yenyewe, maana ndiyo inayoulizwa sana siku hizi kwa sababu ya picha za kwenye simu. Ile ya kadi za Krismasi, yenye majani ya miiba na vitunda vyekundu, ni ya Ulaya, na kitaalamu huitwa Ilex aquifolium. Kuna ya Japani, Ilex crenata, yenye vijani vidogo laini na vitunda vyeusi, na hiyo ndiyo inayochongeka vizuri zaidi kuwa mipira na maumbo madogo. Zote hukua taratibu. Zinapenda udongo wenye uchachu kidogo usiotuamisha maji, na hapo ndipo huku kwetu tuna bahati, kwa kuwa udongo unaokubali chai haugombani na holi. Kwenye chungu mimi huchanganya mboji na vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea ukivitupa majini. Mizizi inapumua, na chungu hakikuvunji mgongo ukikihamisha.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba holi ina mti dume na mti jike. Vitunda anazaa jike tu, tena awe na dume jirani linalochanua wakati mmoja naye. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni iliyosubiri vitunda kwa miaka, ikaweka mbolea ya kila aina. Mti ulikuwa dume. Ukiotesha mbegu hujui utapata nini, na mbegu ya ile ya Ulaya inaweza kulala ardhini mwaka mzima na zaidi kabla ya kuota. Chukua vipandikizi kutoka mti jike unaoujua: kijiti cha urefu wa kidole kirefu, kilichokomaa nusu, ukiweke kivulini chini ya nailoni, nawe utapata jike mwingine. Kumbuka tu kwamba mkasi unaopita kila mara unaondoa maua, hivyo umbo kali na vitunda vingi havikai mti mmoja. Na vile vitunda vinatapisha. Kwenye shule ya chekechea panda dume.

Wala usije ukabeba mche wa nje kwenye begi. Mmea unaoingia nchini unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na sababu yake tuliiona kwa macho yetu. Vidukari vya msaiprasi vilionekana Malawi mwaka 1986, vikapanda kaskazini, na kufikia 1990 vilikuwa Kenya. Katikati ya hapo tuko sisi. Nyua za misaiprasi zilikauka vipande vipande kama zilizopitiwa na moto, na mpaka leo sipandi mstari mrefu wa msaiprasi mtupu, labda mteja aning'ang'anie.

Watu wachache wanajua kuwa tuna holi ya kwetu. Ilex mitis inaota yenyewe kwenye misitu ya milimani, hasa kandokando ya vijito: gome jeupejeupe, kikonyo cha jani chenye wekundu wa zambarau, vitunda vyekundu. Majani yake ni makubwa kuliko ya Kijapani, kwa hiyo usiifikirie kwa kuchonga ndege au tembo. Kwa ukuta wa kijani au pia kubwa, inafaa. Usichimbue mche kwenye hifadhi. Tafuta mbegu mbivu kwa mwenye mti shambani kwake, uzisie zikiwa mbichi.

Majira ni somo nililolisoma Njombe. Nilikata duranta za mteja katikati ya Juni, zikachipua vichipukizi laini kama mboga, halafu asubuhi moja barafu ikalala juu ya nyasi. Kufikia saa nne vyote vilikuwa vyeusi. Baridi kali hutelemka mabondeni usiku, kwa hiyo bustani ya bondeni Makete au Mafinga inaungua wakati ile ya mlimani haijaguswa. Ratiba yangu sasa ni hii: kukata kwingi mvua zinapokaribia, Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kusawazisha Februari, na Aprili ikiisha mkasi unapumzika mpaka baridi ipite.

Kuhusu zana sina maneno mengi. Mkasi mkali, jiwe la kunolea, kitambaa chenye spiriti cha kufuta kila unapohama mti. Ila kwa holi ya majani makubwa, weka pembeni mkasi mrefu wa kukatia nyua. Unakata majani katikati, na wiki ijayo kila jani lina ukingo wa kahawia kama karatasi iliyochungulia moto. Tumia mkasi mdogo wa mkono, tawi moja baada ya jingine, ukikata juu kidogo ya jani. Ni kazi ya asubuhi nzima kwa mti mmoja, na bei yako iseme hivyo.

Zungu la kamba ndilo wanaloliogopa wanafunzi, yaani ule mti uliojiviringisha kama skrubu. Kwanza lazima uwe na pia iliyofunga vizuri, ya miaka mitatu minne. Funga kamba kileleni, teremka nayo ukizunguka, nafasi kati ya mizunguko ikiongezeka kadiri unavyoshuka. Rudi nyuma hatua tano utazame. Kamba yangu huwa naifungua na kuirudia mara mbili au tatu, maana jicho ukiwa karibu linadanganya. Ukiridhika, fuata kamba kwa mkasi mdogo, ukifungua mfereji mwembamba kwanza bila kugusa shina. Siku hiyo usiupanue. Rudi baada ya wiki sita ndipo uendelee.

Na kwenye malipo, usiuze umbo, uza kurudi. Mpira uliochongwa leo unakuwa kichaka baada ya mvua moja nzuri. Nikimpa mteja bei siku hizi nataja safari nne za mwaka mzima, na akisema atamwachia mlinzi akate na panga, namsaidia kuchagua miti ya matunda. Yule mama wa Forest alichukua safari nne. Misaiprasi yake mipya sasa inanifika begani, na bado sijaruhusu kilele kipite mkasi.