“Jiwe litaota kesho”: kumfundisha mtoto kilicho hai na kisicho hai

Binti yangu alikuwa na miaka 4 aliponiletea kipepeo aliyekufa, kamlaza kiganjani, akaniomba nimtilie betri mpya. Usiku ule nilijiuliza wazo hilo amelitoa wapi, nikagundua amelitoa kinywani mwangu. Wiki hiyohiyo nilimwambia saa ya ukutani imekufa, nikabadilisha betri mbele yake, na saa ikafufuka. Ndivyo tunavyosema: saa inatembea, gari linakula mafuta, betri inakufa. Mtu mzima anajua hizo ni tamathali. Mtoto hajui, na dunia yake anaijenga kwa maneno anayoyasikia kwetu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa ulimi. Mtoto akiwa bado mdogo, sema saa imesimama, betri imekwisha, gari limezimika. Neno “kufa” liachie vile vilivyowahi kuishi. Akisema mwanasesere wake amelala, usimsahihishe. Huo ni mchezo na mara nyingi anajua ni mchezo. Muulize tu kama mwanasesere huyo mwakani atakuwa mrefu zaidi, kisha umsikilize.

Kosa langu la pili lilikuwa kumpa kanuni. Nilimwambia kilicho hai hujongea. Akanitajia gari, mawingu, mto na jua, na mti akauacha nje. Hakukosea hata kidogo. Alitumia kanuni niliyompa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwahoji watoto kuhusu jambo hilihili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1926. Alieleza kwamba mtoto huanza kwa kuhesabu kuwa hai kila chenye kazi fulani, kisha kila kinachojongea, halafu kinachojongea chenyewe kama jua na mto, na mwishoni ndipo hubaki na wanyama, au wanyama na mimea. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba hata watoto wa miaka 3 au 4 wanajua zaidi ya alivyodhani, hasa kuhusu wanyama. Kinachowasumbua kwa muda mrefu ni mimea.

Nadhani Kiswahili chenyewe kina mkono hapa. Mtoto husema mbwa anakuja, mdudu ameingia, samaki anaogelea. Hata kipepeo, ambaye kwa umbo la jina angekaa na kiti na kikombe, tunasema anaruka. Mnyama tunampa upatanisho uleule tunaompa mtu. Lakini mti umeanguka, mto umejaa, mlima umeonekana, moto umewaka: sarufi imeviweka pamoja. Kabla hujafungua mdomo kufundisha, lugha imeshamwambia mtoto kwamba kuku ni mwenzake katika uhai, na kuhusu mti imenyamaza. Ndiyo maana nasema anza na mimea. Wanyama watajileta wenyewe.

Sisi tulianza na maharagwe. Tulichukua chombo kinachoonyesha ndani, tukatandika pamba yenye maji, tukaweka punje 3 za maharagwe na kokoto moja ya ukubwa uleule. Kesho yake maharagwe yalikuwa yamevimba, naye akashangilia kwamba yanakua. Hapo usipite haraka. Nilichukua sifongo kavu, tukailoweka, nayo ikavimba; tukaianika, ikarudi ilivyokuwa. Kuvimba na kukua ni mambo mawili, na afadhali mtoto alione hilo kwa macho yake. Siku ya nne punje moja ikapasuka, kimzizi cheupe kikachungulia. Akaitazama kokoto akasema, “Jiwe litaota kesho.”

Nilitamani sana kumwambia halitaota. Nikajizuia. Kila asubuhi alilikagua lile jiwe, akaliongezea maji, akalisogeza penye mwanga. Maharagwe yakatoa majani. Baada ya wiki mbili hivi alilitoa mwenyewe, akalifuta, akasema, “Hili halili maji, linaloa tu.” Sentensi hiyo nisingeweza kumtungia mimi.

Kuhusu kujongea, mmea nao hujongea, ila polepole. Weka chungu cha mmea mchanga dirishani, ukishainamia mwanga kigeuze, kisha subirini siku chache. Na ukipata kifauongo, mwache mtoto aguse majani yake yajikunje, halafu akae kimya mpaka yafunguke tena. Jina lake tayari ni somo: ni nani anayeweza kufa uongo kama hayuko hai?

Jiandae pia kwa moto, maana mtoto mwerevu atakufikisha huko. Moto unajongea, unakua, unahitaji hewa, unakula kuni, unazaa moto mwingine. Usimzime kwa “hapana” tupu. Mimi nilimwambia ukweli: dalili moja haitoshi, hata tatu zinaweza kudanganya. Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, na moto hauna hata kimoja. Alikuwa na miaka 6 wakati huo, akaridhika nusu. Nusu ilitosha.

Mwishowe tupa yale makapu mawili ya kilicho hai na kisicho hai. Tumia matatu: kilicho hai, kilichowahi kuwa hai, na ambacho hakijawahi kuwa hai. Bila kapu la katikati, kipande cha ubao, jani kavu, ganda la konokono na yule kipepeo havina mahali pa kukaa, na mtoto analazimika kusema kipepeo ni sawa na kokoto. Tulimweka kipepeo humo. Alilia kidogo, nami nikakaa naye.

Punje kavu ya haragwe ndiyo iliyotutesa. Haipumui kwa namna inayoonekana, haikui, imekaa mwaka mzima chomboni. Nilimsimulia kuhusu mbegu ya mtende iliyochimbuliwa kwenye magofu ya Masada, ngome ya kale huko Israeli, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ambayo mwaka 2005 ilipandwa ikaota. Akaishika punje yake kwa muda, akaikataza isiingie kapu lolote, akaenda kutafuta pamba.